Kopa inauzwa, bodi inauzwa, kioo cha TV kinaishia wapi? Uzi wa taka za kielektroniki

#1 FundiBodi

Wakuu, habari za wakati huu.

Mimi ni fundi simu na redio hapa Dar, upande wa Temeke, na kazi hii inanikutanisha na watu wa skrepa kila siku. Mijadala mingi ya taka za kielektroniki huishia kwenye maneno ya semina, "jamii ielimishwe", halafu watu wanatawanyika. Naomba hapa tuzungumze jinsi mambo yanavyokwenda mtaani, maana ndiko yanakoharibikia.

Chukua TV ya chogo. Dar es Salaam ndiko matangazo ya analojia yalikozimwa kwanza, 31 Desemba 2012. TV zile hazikufa siku ile, watu walinunua ving'amuzi wakaendelea kuangalia. Zimekuja kufa taratibu, flati ziliposhuka bei. Sasa ikifika kwa mtu wa skrepa, anachokitafuta ni koili ya kopa iliyozungushwa shingoni mwa kioo, bodi, na waya. Koili haichomoki kirahisi, kwa hiyo anapiga nyundo shingo ya kioo na kazi inakwisha muda huohuo. Kinachobaki ni kioo na ganda la plastiki. Hivyo havina mnunuzi. Vinasukumwa mtaroni, au vinapakiwa pamoja na maganda ya ndizi kwenda dampo la Pugu Kinyamwezi.

Na kioo kile ni kizito kwa sababu kina risasi ndani yake. Namaanisha madini ya risasi, yaliwekwa na watengenezaji ili kuzuia mionzi isimfikie mtazamaji. Kwa TV kubwa ni zaidi ya kilo moja ya risasi. Upande wa ndani wa kioo umepakwa unga, na kwenye TV za zamani unga huo una kadimiamu, madini mengine yenye sumu. Nyundo ikishuka, unapeperuka. Anayeuvuta ni kijana aliyeinama pale bila hata kitambaa puani. WHO imesema wazi kwamba hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na mtoto ndiye anayeumia zaidi kwa sababu inashambulia ubongo unaokua.

Friji nayo ni hivyohivyo. Kompresa ina kopa na chuma, kwa hiyo bomba linakatwa kwa msumeno na gesi yote inatoka na kupotea hewani. Friji nyingi zina R-134a, na kilo moja ya gesi hiyo inaongeza joto la dunia zaidi ya mara 1,000 ya kilo moja ya kaboni dayoksaidi. Friji za kale zina R-12, ile iliyopigwa marufuku kwa kutoboa tabaka la ozoni. Nyaya ndogondogo za chaja zinachomwa moto. Plastiki yake ina klorini, na ikiungua kwa moto mdogo wa mtaani inazaa dioksini, sumu inayokaa ardhini na kupanda kwenye chakula. Pale Agbogbloshie, Accra, uchunguzi uliotolewa 2019 ulipima mayai ya kuku wa kienyeji waliokuwa wanachakura kwenye eneo la kuchomea. Yai moja tu lilimpitisha mtu mzima kiwango cha dioksini kinachokubalika Ulaya kwa siku, mara 220. Soko lile la skrepa lilivunjwa Julai 2021, lakini uchomaji ulihamia kwenye vichochoro vingine vya mji uleule.

Kwa hiyo hoja yangu ni hii. Kila kifaa kina sehemu yenye hela na sehemu yenye sumu. Kwa mpangilio tulionao, anayekifikia kwanza anachukua hela, na sumu unaachiwa mtaa. Halafu tunashangaa kwa nini kampuni zenye kibali cha kuchakata hazikui. Zitakuaje? Zinaletewa TV isiyo na kopa wala bodi. Hela ya kopa ndiyo ilitakiwa kulipia usafirishaji wa kioo. Hela ya kompresa ndiyo ilitakiwa kulipia mashine ya kuvuta gesi. Ukishaitoa, mchakataji amebaki na gharama tupu.

Takwimu za Umoja wa Mataifa zinaonyesha kwamba mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka hizi, na zilizokusanywa na kuchakatwa kwa utaratibu unaoeleweka ni asilimia 22.3. Afrika hatufiki hata asilimia 1. Lakini msidhani asilimia 99 iliyobaki inalala tu dampo. Skrepa wetu wanakusanya kwa bidii kuliko manispaa yoyote, nyumba kwa nyumba, na toroli, jua kali. Ukusanyaji tunao. Tunachokosa ni kifaa kufika kizima kwa mtu anayejua kukimaliza chote.

Napendekeza mambo mawili tuyajadili. Kwanza, kifaa kinunuliwe kizima, kwa bei inayozidi bei ya kopa iliyomo. TV ya chogo ambayo haijavunjwa iwe na thamani kuliko iliyovunjwa. Hapo nyundo itapumzika yenyewe bila mgambo. Pili, fundi awe kituo cha kukusanyia. Simu ikifa inaletwa kwetu, mteja akisikia gharama anaiacha hapohapo. Hakuna fremu ya fundi isiyo na boksi la vimeo. Ukipita fremu za Kariakoo peke yake unapata mzigo wa gari.

Nawasilisha.

#2 Binti Rufiji

Asante kwa uzi huu, kaka. Swali langu labda ni la mtu asiyejua. Mbona tunaambiwa kwenye simu kuna dhahabu? Mdogo wangu ameangalia video mtandaoni, sasa anataka kununua asidi aanze kuzichemshia bodi uani. Nyumba ina watoto. Nimwambie nini?

#3 FundiBodi

Dada, mzuie leo hii.

Dhahabu ipo kweli. Ila mwonyeshe hesabu hii. Wajapani walitengeneza medali zote za Olimpiki ya Tokyo kwa madini ya vifaa vilivyokusanywa kwa wananchi kati ya 2017 na 2019. Walipata simu milioni 6.21, na juu yake karibu tani 79,000 za vifaa vidogovidogo vya umeme. Dhahabu iliyopatikana ni kilo 32. Hata tukisema yote ilitoka kwenye simu na vifaa vile vingine havikutoa kitu, ni kama gramu 0.005 kwa simu moja. Yaani simu 200 kwa gramu moja, na hao ni watu wenye viwanda kamili.

Yeye uani atatumia asidi mbili kali zikichanganywa. Moshi wake ni wa rangi ya kahawia na unachoma mapafu. Mtu anaweza kuondoka pale akijiona mzima, usiku ndipo kifua kinajaa maji. Na asidi iliyotumika ataimwaga wapi? Chooni, na kutoka hapo inaelekea kisima cha jirani. Bodi azikusanye aziuze zikiwa bodi. Kuna wanunuzi, na zile za kijani za kompyuta zina bei nzuri kuliko za redio. Hela halali ipo hapo bila kuchemsha chochote.

#4 Mwana wa Jomvu

Salaam aleikum ndugu zangu. Naandika kutoka Mombasa.

Mimi naunga mkono kuchakata, lakini msilitaje neno kiwanda mkadhani mmeshapona. Sisi huku tulikuwa nacho. Owino Uhuru, kijiji kilichobanana na ukuta wa kiwanda cha kuyeyusha betri za gari ili kutoa risasi. Kwenye karatasi huo ulikuwa urejelezaji, hakuna betri iliyokwenda jaani. Moshi ukawa unashukia mabati ya watu, maji machafu yakawa yanapita chini ya ukuta, na watu wakawa wanaugua. Mama mmoja aliyekuwa ameajiriwa humohumo, Phyllis Omido, akagundua mtoto wake anayemnyonyesha ana risasi mwilini. Akaacha kazi, akaanza kupiga kelele. Alikamatwa, alitishwa, hakunyamaza. Kiwanda kilifungwa 2014, mwaka uliofuata naye akapewa tuzo ya mazingira ya Goldman.

Mwaka 2020 mahakama ya Mombasa iliamua wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Mahakama ya Rufaa ikaitengua hukumu hiyo, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Hesabuni miaka yote hiyo. Kuna watoto wamekuwa watu wazima wakingoja.

Basi nawaomba, mnapotaka fundi akusanye na kiwanda kichakate, ulizeni mapema kiwanda kitakaa wapi, upepo unavuma kuelekea wapi, na wafanyakazi wake watapimwa damu na nani. Mahali pa kuchakata pasipochunguzwa ni dampo lenye mlango tu.

#5 FundiBodi

Mwana wa Jomvu, hili nilikuwa sijaliandika na lina uzito kuliko yote niliyoyaandika. Betri za risasi ndizo zinazonunuliwa kwa fujo hata huku. Utaona wanamwaga ile asidi mtaroni ili kupunguza uzito wa kubeba. Anayenunua betri iliyomwagwa anamlipa mtu kwa kumwaga sumu. Mnunuzi mwenye kibali aikatae betri isiyo na maji yake. Hiyo ni kanuni ambayo hata mgambo asiyesoma anaweza kuisimamia, kwa sababu inaonekana kwa macho.

#6 Kigali_Moja

Wapendwa, kwa upande wa Rwanda kipo kituo kule Bugesera, kusini mwa Kigali. Serikali ilikijenga, kisha ikaipa kampuni ya Enviroserve ikiendeshe. Uwezo wake ni tani 10,000 kwa mwaka. Kuna vituo vya kupokelea wilayani, na taasisi za umma zinapeleka huko vifaa vilivyochoka. Kinachonifurahisha mimi ni kwamba hawaanzi kwa kusagasaga. Kompyuta inayofufuka inafufuliwa na kwenda shuleni, isiyofufuka ndiyo inafunguliwa. FundiBodi ataelewa: fundi akitangulizwa mbele ya mashine, vitu vingi vinaokolewa.

#7 Toroli

Naona mnatujadili sisi bila sisi. Mimi ni mtu wa skrepa, Mbagala.

Kwanza, watu husema tunachoma kila waya, si kweli. Waya mnene tunauchuna kwa wembe, kwa sababu kopa iliyochunwa inang'aa na bei yake iko juu. Iliyoungua inakuwa nyeusi na tajiri, yaani mwenye yadi anayenunua mzigo wetu, anaikata bei. Tunachoma nyaya nyembamba tu, za chaja, za spika, za ndani ya TV, maana hakuna mkono wa kuzichuna. Mkitaka tusichome, leteni mashine ya kuchunia waya mwembamba iwekwe pale kituoni, mtu alipie kidogo achunie. Zipo, nimeiona moja kwa Mchina, inakula waya mdogo kama wa redio.

Pili, hela. Asubuhi tajiri ananipa mtaji, jioni namrudishia mzigo, anakata chake, kilichobaki ndiyo unga wa watoto. Sasa mnaniambia TV niitunze nzima nisubiri gari la kampuni lije mwisho wa mwezi. Nitalala nayo wapi, na nitakula nini? Hata bei yenu ikiwa mara mbili, kama hailipwi jioni ileile haina maana kwangu.

Tatu, mnaongelea sumu. Tunaijua. Kifua changu nakijua mimi. Hamna haja ya kutuelimisha, tupeni pa kuuzia.

#8 FundiBodi

Toroli, kaka, umeuweka uzi mahali pake. Nilisema bei ya kitu kizima lakini sikugusa habari ya kulipa jioni, na hapo ndipo mipango mingi ya wafadhili inapokufia. Wanaleta makontena ya kukusanyia yaliyopakwa rangi nzuri, wanataka watu walete bure kwa moyo wa kupenda mazingira. Anayeshinda na toroli juani hawezi kutoa bure.

Kwa hiyo turekebishe. Tajiri wa skrepa mwenye mizani na yadi ndiye aingie kwenye mpango, si wa kumzunguka. Yeye ana mtaji wa kulipa jioni. Kampuni yenye kibali cha NEMC, baraza la mazingira la taifa, imlipe tajiri nyongeza ya bei kwa mzigo ambao haujavunjwa, naye aipitishe bei hiyo kwa wa toroli. Yadi ina nafasi ya kulaza TV hata mwezi mzima, chumba cha kupanga hakina.

Hela ya hiyo nyongeza itoke wapi? Itoke kwa aliyeingiza bidhaa. Ghana wana sheria ya 2016 inayotoza ada kila kifaa kinachoingia bandarini, ili ije igharamie mwisho wake. Kenya wameweka wajibu wa mzalishaji, yaani aliyetengeneza au kuingiza bidhaa awajibike nayo ikishakuwa taka, kwenye sheria yao ya taka ya 2022. Sisi tuna Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, na chini yake zipo kanuni mahususi za taka za vifaa vya umeme. Karatasi tunazo. Muulize muagizaji yeyote pale Kariakoo kama amewahi kulipia hata senti ya mwisho wa simu aliyoiuza.

Juni 2016 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilizima simu bandia nchi nzima. Uamuzi ulikuwa na sababu zake. Lakini usiku mmoja simu nzima-nzima zikageuka taka, na mtaani kwetu hakuna aliyepita kuziulizia. Zilirudi kwa mafundi, tukatoa vioo na spika, maganda na betri zikaenda kwenye viroba. Fikiria waliozileta nchini wangekuwa na wajibu wa kuzichukua.

#9 Mdau_Hamburg

Niko Ujerumani, niseme kidogo namna wanavyofanya. Duka la vifaa vya umeme lenye ukubwa wa mita za mraba 400 kwenda juu linalazimika kupokea kifaa chako kibovu. Tangu Julai 2022 hata duka kubwa la chakula, likizidi mita 800 na likiwa linauza vifaa vya umeme, linalazimika. Kifaa kidogo kisichozidi sentimita 25 wanakipokea hata kama hukununua kitu. Unaenda kununua maziwa, unaacha chaja mbovu.

Ila msiwaone malaika. Makontena ya "mitumba" yenye TV na friji zisizowaka yametoka bandari za huku kwa miaka mingi. Mkataba wa Basel, ule wa kimataifa unaosimamia usafirishaji wa taka za sumu kati ya nchi na nchi, umebadilishwa, na tangu 1 Januari 2025 taka zote za kielektroniki, zenye sumu na zisizo na sumu, haziruhusiwi kuvuka mpaka bila nchi inayopokea kukubali kwanza kwa maandishi. Tatizo ni kwamba kanuni hiyohiyo inawabana pia wachakataji wa Afrika. Bodi zinazokusanywa Nairobi au Dar zinasafishwa kwenye viyeyushio vya Ulaya, kama kile cha Umicore pale Hoboken, Ubelgiji, kwa sababu kutenganisha dhahabu, paladiamu na kopa bila kuchafua hewa kunataka mtambo wa gharama kubwa. Sasa kila mzigo unasubiri vibali vya nchi zote unakopita. Serikali zetu zikichelewesha mihuri, bodi zitarudi kwa wachemsha asidi.

#10 Mama Tatu

Mimi nauliza ya nyumbani tu. Nina simu za zamani, taa za sola zilizokufa, na betri moja ya simu imevimba kama andazi. Nifanyeje?

#11 FundiBodi

Mama, tuanze na hiyo iliyovimba. Usiitoboe, usiichaji, usiibonyeze irudi. Iweke kwenye kopo la bati lenye mchanga mkavu, mbali na jiko na jua, umpelekee fundi ikiwa humo. Betri za namna hii zikitupwa kwenye taka za kawaida zinashika moto ndani ya gari la taka au dampo, na moto wake ukizimwa unaweza kuwaka tena.

Taa za sola, nyingi hufa betri tu. Mpelekee fundi akubadilishie kabla hujaihesabu kuwa taka. Simu, toa laini na kadi ya kumbukumbu, futa picha na mambo ya pesa, uza zikiwa zima. Taa nyembamba ndefu za gesi usizivunje, zina zebaki.

#12 MwalimuWaTehama

Nimesoma uzi wote. Shule yetu ilipewa msaada wa kompyuta zamani, zile za skrini kubwa. Zimekufa, zimejaa stoo, panya wamezalia. Mkuu wa shule anaogopa kuzigusa kwa sababu ni mali ya umma. Nahisi shule nyingi ziko hivi. Kuna njia?

#13 Afisa Ugavi

Mwalimu, mkuu wako yuko sahihi kuogopa. Mali ya umma haiondolewi kwa mdomo. Lakini kuogopa kusiwe sababu ya kutoanza. Orodhesheni kila kifaa na namba yake kwenye leja ya mali, fundi aandike hali yake, orodha iende kwa mkurugenzi wa halmashauri, naye aombe kibali cha kuiondosha. Wahakiki mali wa Hazina wanahusika hapo. Inachukua muda, ndiyo maana stoo nyingi zimejaa, lakini inawezekana na hufanyika.

Jambo moja la kuangalia: mara nyingi mali hizi huuzwa kwa mnada, na anayeshinda ni mwenye bei ya juu, naye anavunja kwa ajili ya kopa. Mkiandika barua, ombeni masharti ya mnada yataje kwamba mnunuzi awe na kibali cha NEMC cha taka za kielektroniki. Sentensi hiyo msipoiandika ninyi, hakuna atakayewaandikia.

#14 MwalimuWaTehama

Asante sana, nanakili maneno hayo. Je, diski zake? Zina matokeo ya wanafunzi na taarifa za walimu.

#15 FundiBodi

Zitoeni zote kabla orodha haijatoka, Mwalimu, na kwenye orodha muandike kwamba diski zimetolewa, asije mtu akadai zimeibwa. Zinazowaka zifuteni na mzitumie kwenye mashine nyingine. Zisizowaka zitoboeni kwa drili katikati ya sahani mbele ya shahidi, kisha ziende pamoja na mzigo, ni alminiamu nzuri. Zile skrini za chogo zipangeni zikitazamana kioo kwa kioo, zifungwe, zisidondoke njiani. Na mkiwa tayari kusafirisha rudi hapa useme uko mkoa gani. Toroli na mimi tutakutafutia tajiri wa yadi anayepokea zikiwa nzima.

#16 Toroli

Akiwa ukanda wa Mbagala hadi Mkuranga nazifuata mwenyewe. Jioni alipwe.